Balbu janja inasuasua? Usiiriseti kwanza

Unabonyeza kwenye simu, unasubiri. Moja, mbili, tatu. Umeshanyoosha mkono kwenda kwenye swichi ya ukutani ndipo taa inawaka. Au haiwaki kabisa, na programu inakuandikia kwamba kifaa hakiko hewani, ilhali balbu ipo hapo juu ya kichwa chako unaiona.

Wengi wetu tukifika hapo tunakimbilia jambo moja: kuifuta balbu kwenye programu, kuiriseti na kuiunganisha upya. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Inaleta nafuu ya siku mbili, halafu tatizo linarudi, nawe umeshapoteza jina la balbu, chumba chake, makundi yake na ratiba zote. Kibaya zaidi umefuta ushahidi. Kati ya kidole chako na mwanga kuna safari, na mara nyingi balbu haina kosa lolote. Amri ndiyo iliyokwama njiani. Kazi yako ni kujua imekwama wapi.

Safari yenyewe inategemea aina ya balbu. Balbu nyingi za Wi-Fi za bei nafuu husubiri amri kutoka kwa seva ya mtengenezaji: simu inatuma kwa ruta, ruta inatoa nje kwenye intaneti, seva inapokea, inarudisha amri kwenye ruta ileile, ndipo balbu inasikia. Unawasha taa iliyo mita mbili mbele yako kwa kupitia kompyuta iliyo nchi nyingine. Ukitumia sauti unaongeza seva ya pili, ya msaidizi wa sauti, ambayo inabidi izungumze na ile ya kwanza. Balbu za Zigbee na Thread, ambazo badala ya Wi-Fi hutumia redio zao za ndani ya nyumba, kwa kawaida hufuata njia fupi zaidi: simu, ruta, kitovu (kifaa kinachoziunganisha na ruta), kisha redio kutoka balbu hadi balbu mpaka imfikie mhusika.

Kwanza, je, kweli inachelewa?

Swali la kipuuzi, lakini limenipotezea jioni nzima. Balbu nyingi zimepangwa zisiwake ghafla. Zinapanda mwanga taratibu. Philips Hue, kwa mfano, isipoambiwa vingine hutumia takriban milisekunde 400 kupanda au kushuka. Mtu akiweka muda huo kuwa sekunde mbili au tatu ndani ya mandhari fulani, taa itaonekana nzito kumbe inatii barabara. Itazame kwa makini: ikianza kutoa mwanga hafifu papo hapo kisha ikapanda, hiyo siyo hitilafu, ni mpangilio. Ikikaa giza kwanza halafu ikawaka yote kwa pamoja, hapo ndipo penye kuchelewa.

Baada ya hapo fanya jaribio ninalolithamini kuliko yote. Chomoa kebo inayoleta intaneti kwenye ruta, lakini ruta yenyewe iache ikiwa imewashwa na simu ikiwa kwenye Wi-Fi. Zima pia data ya simu. Sasa jaribu kuwasha taa. Ikiwaka vizuri, amri zako zinaweza kupita ndani ya nyumba, na sababu itafute humo humo. Isipowaka kabisa, basi balbu inategemea seva za nje, na siku seva hizo zikizidiwa hakuna utakachofanya kwenye ruta kitakachosaidia. Hapo angalia kama programu ina sehemu ya kuruhusu udhibiti wa ndani ya mtandao. Nyingi zinayo, ila imefichwa.

Linganisha pia njia za kuamuru. Ukibonyeza kwenye programu ya mtengenezaji taa inawaka mara moja, lakini ukisema kwa sauti inachukua sekunde nne? Balbu na Wi-Fi yako viko salama. Tatizo liko kwenye muungano wa akaunti mbili, na mara nyingi kuutenganisha na kuuunganisha upya kunatosha.

Ni moja, ni kadhaa, au ni zote?

Chukua karatasi, uandike kwa siku mbili: balbu ipi, saa ngapi, ulikuwa unafanya nini. Inachosha, lakini mpangilio wa matatizo unasema mengi kuliko programu yoyote ya uchunguzi.

Zikisuasua zote kwa wakati mmoja, shuku ruta, kitovu au intaneti. Ikiwa ni ileile moja kila siku, shuku mahali ilipo. Zikisumbua zilizo upande mmoja wa nyumba, shuku kiungo kinachozihudumia. Ikiwa amri ya kwanza tu ndiyo nzito, na zinazofuata ni nyepesi, kuna kitu kilikuwa kimelala: chipu za Wi-Fi za balbu nyingi husinzia ili kupunguza umeme, zikiamka kusikiliza ruta kwa vipindi. Ruta nyingi hutoa ishara yake kila milisekunde 102.4, na ikiwa imepangwa kuwatangazia waliolala kila baada ya ishara tatu, tayari una theluthi moja ya sekunde ya kungoja. Hiyo ni ya kawaida. Sekunde tano si za kawaida.

Balbu za Wi-Fi

Anza na mawimbi. Antena ya balbu ni kipande kidogo cha shaba kilichobanwa shingoni, jirani na bamba la chuma la kupozea joto. Ukiitia ndani ya kivuli cha chuma au taa ya dari yenye sahani ya alumini, umeifunga kwenye sanduku. Simu yako inaweza kuonyesha mistari yote ya Wi-Fi chini ya taa hiyo hiyo, na balbu isisikie kitu. Programu nyingi, au ukurasa wa ruta, zitakuonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi: -50 hivi ni nzuri, -70 ni mwanzo wa mashaka, chini ya -80 usitegemee lolote. Usipoipata namba hiyo, toa balbu, ifunge kwenye taa ya mezani karibu na ruta, uitumie siku moja. Ikipona, dawa ni kusogeza ruta au kubadilisha kivuli cha taa.

Karibu balbu zote za Wi-Fi hutumia masafa ya 2.4 GHz pekee. Jambo hili huwasumbua watu zaidi wakati wa kuunganisha kuliko wakati wa kutumia, ila lina mtego wake. Ruta yenye jina moja kwa 2.4 na 5 GHz hujaribu kuwasukuma wateja kwenye 5. Balbu isiyoijua 5 inafukuzwa, inarudi, inafukuzwa tena. Dalili yake ni balbu inayopotea dakika moja kisha ikarudi bila kuguswa. Ukiona hivyo, zima kipengele cha kusukuma, au tenga jina la 2.4 kwa ajili ya vifaa vya nyumba. Vilevile ukiwa umeweka usalama wa WPA3 peke yake, yaani ulinzi wa Wi-Fi uliokuja baada ya WPA2, balbu za zamani hazitaingia. Weka hali inayochanganya WPA2 na WPA3.

Kwenye ukurasa huohuo wa ruta, punguza upana wa chaneli ya 2.4 kutoka 40 MHz hadi 20. Kasi ya kupakua kwenye 2.4 itashuka kidogo, lakini balbu haihitaji kasi, inahitaji utulivu. Kisha chagua chaneli 1, 6 au 11 na uiache hapo. Ruta inayojichagulia chaneli yenyewe inaweza kuhama wakati wowote, na kila ikihama, balbu zote huanguka kwa muda.

Wenye ruta za vituo vingi wana ugonjwa wao. Kituo cha karibu kikizimwa kwa muda, balbu huhamia cha mbali. Kikirudi, balbu haina akili ya kurudi. Inang'ang'ania kule kule, inasuasua wiki nzima. Zima balbu hiyo sekunde kumi, iwashe, itachagua upya.

Kuna na hili la wingi. Ruta zinazotolewa pamoja na huduma ya intaneti hazikutengenezwa kwa ajili ya balbu thelathini, kamera nne na simu za familia nzima. Dalili: ukiwasha upya ruta kila kitu kinaenda vizuri siku mbili tatu, kisha vifaa vinaanza kudondoka kimoja kimoja. Kuzipa balbu anwani za IP za kudumu kunasaidia kidogo. Kununua ruta yenye nguvu, au kuhamishia taa kwenye Zigbee, kunasaidia sana.

Na kama programu inadai haioni balbu yoyote wakati balbu ziko hewani, hakikisha simu haiko kwenye mtandao wa wageni. Mtandao wa wageni umeundwa makusudi vifaa visionane.

Balbu za Zigbee na Thread

Hapa ndipo ninapopaonea raha, kwa sababu matatizo yake yana mantiki ya kipelelezi.

Kila balbu ya Zigbee iliyo kwenye umeme, isipokuwa chache, hufanya kazi mbili: inatoa mwanga na inapokeza ujumbe wa wenzake. Balbu ya bafuni haizungumzi na kitovu moja kwa moja. Inaambiwa na ya korido, ambayo imeambiwa na ya sebuleni. Sasa mtu anakuja anazima swichi ya ukutani ya korido. Kwake yeye amezima taa. Kwa mtandao, amevunja daraja.

Kwangu balbu ya bafuni ilikuwa inagoma usiku tu. Mchana hata ukiichezea mara ishirini, inatii. Niliibadilisha, mpya nayo ikagoma usiku. Nikahamisha kitovu, nikasasisha kila kinachosasishika. Mwisho nikakaa na ile karatasi ya saa, nikagundua kugoma kunaanza kila mara kati ya saa 4 na saa 4 na nusu usiku. Siku iliyofuata nilikaa sebuleni makusudi kuangalia. Saa 4 na dakika chache nikasikia mlio mdogo kutoka korido: *tak*. Mtu wa nyumbani anakwenda kulala, anapita, anazima swichi kwa mazoea ya miaka. Hakukuwa na balbu nyingine karibu ya kuchukua nafasi, na bafu likabaki kisiwani. Nilibandika kifuniko juu ya swichi na kuweka kitufe kisichotumia waya pembeni yake. Sikuisikia tena kesi hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya yote kwenye Zigbee, uliza swichi zipi huzimwa ukutani. Kama haiwezekani kuwazuia watu, na ndivyo ilivyo nyumba nyingi, ongeza plagi janja moja au mbili za Zigbee mahali pasipozimwa, ziwe nguzo za mtandao. Ukishaongeza, upe mtandao siku nzima ujipange.

Vihisi vya betri vina ukaidi wa ziada. Vikishajishikiza kwa balbu fulani kama mzazi wao, vingine havitafuti mzazi mwingine haraka hata huyo akizimwa. Ndiyo maana kihisi cha mwendo kinaweza kufa kwa kuwa umeondoa taa ya chumba kingine. Kiunganishe upya kikiwa mahali pake pa kudumu, siyo mezani karibu na kitovu.

Suala la pili ni kelele za redio. Zigbee hutumia 2.4 GHz, chaneli 11 hadi 26, pamoja na Wi-Fi hewa moja. Wi-Fi ya chaneli 1 inafunika Zigbee 11 hadi 14. Ya 6 inafunika 16 hadi 19. Ya 11 inafunika 21 hadi 24. Zinazobaki katikati ni 15, 20, 25 na 26. Mimi huiepuka 26 kwa sababu baadhi ya vifaa hutuma kwa nguvu ndogo hapo. Lakini usibadilishe chaneli kwa kujaribujaribu: balbu nyingine hazifuati, na utajikuta unaunganisha upya nyumba nzima. Badilisha mara moja, kwa sababu unayoijua.

Kama kitovu chako ni kijiti cha USB kilichochomekwa kwenye kompyuta ndogo, soma hapa mara mbili. Milango ya USB 3.0 na diski zake hutoa kelele kwenye masafa haya haya ya 2.4 GHz, Intel ilichapisha maelezo yake tangu 2012. Kijiti kilichokaa bega kwa bega na diski ya nje ni kama mtu anayesikiliza redio ndani ya kinu cha kusaga. Nunua kebo ya kurefusha USB, nusu mita au mita moja, ukiweke mbali na mashine na mbali na ruta. Ni kitu cha bei ndogo kabisa kwenye orodha hii, na nimekiona kikifufua mitandao ambayo wenyewe walikuwa wameikatia tamaa.

Maikrowevu nayo huchafua masafa haya ikiwa inafanya kazi. Ikiwa taa za jikoni zinagoma wakati wa kupasha chakula tu, umeshajua.

Thread hutumia redio ya aina ileile na wapokezaji wa aina ileile, kwa hiyo ushauri wa swichi na kelele unahamia moja kwa moja. Nyongeza yake ni kipanga njia cha mpakani kinachounganisha Thread na mtandao wa kawaida, na utegemezi wa IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao. Wapo wanaoizima IPv6 kwenye ruta kwa ushauri waliousoma mahali, kisha wanashangaa balbu za Matter, lugha ya pamoja ya vifaa janja ambayo Thread huibeba, zimekuwa bubu.

Z-Wave, redio nyingine ya vifaa vya nyumba, iko nje kabisa ya 2.4 GHz, kwa hiyo kelele za Wi-Fi haziihusu. Balbu za Bluetooth pekee ni za chumba kimoja. Ukitoka, usitarajie lolote.

Zinawaka moja baada ya nyingine

Umesema "washa sebule", na taa sita zinajibu kama wanafunzi wanaoitwa majina. Hapo mfumo wako unatuma amri sita mfululizo badala ya moja kwa kundi. Redio ya Zigbee ni nyembamba, kilobiti 250 kwa sekunde, na inagawana nafasi hiyo na kila mpokezaji njiani. Tengeneza kundi ndani ya kitovu chenyewe, siyo kundi la kwenye programu ya juu tu, ili amri iende mara moja na balbu zote ziisikie kwa pamoja.

Usiende mbali upande wa pili pia. Amri ya kundi hurudiwa na kila mpokezaji, hivyo ukibuni onyesho la rangi linalobadilika mara tano kwa sekunde utaukaba mtandao. Hue huwashauri waandishi wa programu wasizidi takriban amri 10 kwa sekunde kwa taa moja moja, na 1 tu kwa sekunde kwa makundi. Ukiona taa zinaendelea kubadilika baada ya kuacha kugusa kitelezi cha mwanga, ni foleni hiyo inamalizika.

Programu inasema imezimwa, nayo inawaka

Mifumo mingine haiambiwi hali ya balbu. Inaiuliza, labda kila nusu dakika. Ukiwasha kwa rimoti, programu itabaki na habari ya zamani mpaka iulize tena. Hilo linakera tu, isipokuwa pale ambapo ratiba yako inasema "ikiwa taa imezimwa, iwashe". Itaamua kwa habari iliyochacha. Ondoa sharti hilo. Kuamuru taa iliyokwisha kuwaka iwake hakuna madhara.

Chunguza pia ratiba mbili zinazovutana. Taa inayowaka na kuzima yenyewe baada ya sekunde chache, mara nyingi ina mabosi wawili: programu ya mtengenezaji bado ina ratiba uliyoisahau, na mfumo mpya una yake.

Inapepesa, inavuma, au inajizima

Tazama ukutani. Balbu janja haitakiwi kuwekwa kwenye swichi ya dima, ile ya kupunguza mwanga. Dima hukata umeme vipande vipande, na saketi ya ndani ya balbu hulala na kuamka bila kujua kinachoendelea. Kuiweka dima kwenye asilimia mia hakutoshi mara zote. Iondolewe na fundi umeme, iwekwe swichi ya kawaida.

Inayofanya vizuri ikiwashwa, kisha baada ya saa moja ikaanza kugoma, inaungua joto. Soma maandishi kwenye shingo yake kama inaruhusiwa kwenye taa iliyofungwa pande zote. Nyingi haziruhusiwi.

Balbu iliyojisahau yenyewe, ikawa kama mpya kutoka dukani? Nyingi huriseti kwa kuwashwa na kuzimwa haraka mara kadhaa mfululizo. Mtoto anayechezea swichi, au umeme unaokatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, anaweza kufanya kazi hiyo bila kujua.

Ukishindwa kabisa

Chukua balbu inayosumbua na balbu nzima ya aina ileile, zima umeme, ziache zipoe, zibadilishane mahali. Zitumie siku mbili. Kama tatizo limebaki pale pale, ni mahali: rudi kwenye mawimbi, kivuli na swichi. Kama limehama na balbu, basi sasa, na sasa tu, sasisha programu yake ya ndani, andika makundi yake kwenye karatasi, uiriseti. Ikirudia baada ya hapo, itupe kwenye droo ya balbu za akiba, kwa ajili ya taa ya stoo inayotumia swichi ya ukutani tu.